WALIMU WAFUNDISHWE KUWAANGALIA WATOTO WA ASKARI

Ndugu wafanyakazi,

Sisi watu wa reli hapa Kisumu twajua maana ya uhamisho. Barua yaja leo, na baada ya siku chache mtu yuko Nakuru au Voi, na watoto wake wanaanza shule upya kama wageni. Lakini mtu wa reli akiwa Voi, watoto wake hulala wakijua kwamba yu mzima. Mtoto wa askari hana hakika hiyo.

Tangu Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalipovuka mpaka kuingia Somalia, vijana wa Nyanza wamekwenda huko pamoja na wenzao wa nchi nzima. Wengine hawakurudi. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ilishambuliwa, na tarehe 27 Januari 2017 ile ya Kulbiyow. Siku kama hizo uvumi hufika nyumbani kabla ya habari ya kweli, na asubuhi mtoto huenda darasani nao kifuani.

Jeshi lina shule kama Moi Forces Academy za Nairobi na Lanet. Lakini wako watoto wanaokaa kwa nyanya zao huku Ahero, Bondo au Kendu Bay, wakisoma shule za kawaida. Mwalimu wao hajaambiwa neno. Aona mtoto anasinzia, anapigana, anashindwa na hesabu, naye asema ni mvivu.

Hatumlaumu mwalimu. Kwetu relini mtu hapewi bendera nyekundu na kijani kabla ya kufundishwa kazi yake. Basi mwalimu naye afundishwe.

Kwanza, vyuo vya ualimu vitie jambo hili katika masomo, na walimu walio kazini wafundishwe wakati wa likizo. Wajue dalili za mtoto mwenye hofu, wasimlazimishe kusema mbele ya wenzake, na wajue ni wakati gani wa kumpeleka kwa mshauri au daktari.

Pili, mzazi akipelekwa vitani, mwalimu mkuu aambiwe kwa siri. Haina haja kutaja kambi wala kikosi. Yatosha ajue kwamba baba au mama hayupo.

Tatu, fedha zitengwe. Uingereza tangu 2011 hutoa fedha za ziada shuleni kwa ajili ya watoto wa askari. Si jambo lisilowezekana.

Wengine watasema mwalimu ana watoto wengi mno, asiongezewe mzigo. Ni kweli madarasa yamejaa. Lakini mzigo huo anao tayari. Tofauti ni kwamba sasa aubeba gizani.

Wengine watauliza, haya yanahusu nini chama chetu? Ndugu, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 haiwahusu wanajeshi. Askari hana chama, hana mjumbe, hawezi kugoma. Aliye na mdomo amsemee asiye nao. Na askari huyo ni ndugu yetu, mtoto wake akaa dawati moja na wetu.

Kwa hiyo twaomba kila mjumbe alete neno hili katika mkutano wa tawi, ili tuandike pamoja na wenzetu wa chama cha walimu, KNUT, kwa Wizara ya Elimu na TSC.

Umoja ni nguvu.