Paa la Behewa na Balbu Iliyo Chini Yake
Ukifungua behewa la abiria la treni ya mfano la miaka ya zamani, la kile kipimo cha 1:87 ambacho wapenzi wa Ujerumani hukiita H0, tazama kwanza upande wa ndani wa paa, pale juu ya balbu. Ukiona plastiki imegeuka kahawia na kuvimba kama ngozi iliyobabuka, ujue joto limeshafanya kazi yake. Balbu ya waya hugeuza sehemu kubwa mno ya umeme wake kuwa joto, nayo polistirini hulegea inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Ndani ya kiboksi cha sentimita 30 kisicho na tundu la hewa, joto hilo halina pa kwenda. Karatasi ya aluminiamu iliyobandikwa chini ya paa husaidia, mradi isiguse nyaya. Kupunguza volti husaidia zaidi: balbu ya volti 16 ikipewa 12 hutoa mwanga wa manjano uliofifia, na kwa macho yangu huo ndio unaolipendeza behewa la kale. Lakini dawa hasa ni taa ya LED pamoja na rezista yake. Paa likishapinda halirudi sawasawa, kwa hiyo ndugu msomaji, badilisha balbu kabla hujaiwasha tena.