Kesi ya Mwenyekiti ni ya Mkutano Mkuu

Ndugu wa Handeni na Korogwe, tarehe 27 Novemba 2024 tulichagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji pamoja na wajumbe wao. Karatasi za matokeo hazijachakaa ubaoni, tukaanza kuwasema. Huyu amemkatia mgeni pori la kijiji. Yule hatoi barua ya utambulisho mpaka aonwe. Mjumbe fulani anasuluhisha wagomvi kwa bei. Mwingine hana kosa lolote ila alimshinda shemeji yetu. Katika hayo kuna ya kweli na kuna ya chuki, na yote yanasemwa kwenye bao, kwenye kahawa, kisimani na matangani. Mahali pasiposemwa ni mkutanoni.

Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo. Mwenyekiti aliyechaguliwa na majirani zake sharti ahojiwe na majirani zake, mbele yao, kwa hesabu na kwa muhtasari. Tukimshitaki kwingine kote kabla ya hapo, tunajivua nguvu wenyewe na kumkabidhi mtu ambaye hatukumchagua.

Tuanze na sheria, maana wengi wetu tunaidhani ni mali ya mawakili. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982, inautambua mkutano mkuu wa kijiji kuwa ndicho chombo cha juu kabisa kijijini, na wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Si mwenyekiti, si mtendaji, si tajiri mwenye trekta. Halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25 iko chini ya mkutano huo, na mwenyekiti ni kinara wa halmashauri tu. Mkutano mkuu unapaswa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Piga hesabu: katika miaka mitano ya uongozi hiyo ni mikutano 20. Mwenyekiti atakayefika mwisho wa muda wake akiwa ameitisha mitatu atakuwa amewanyima wenzake haki yao mara 17, hata kama hakuchukua senti moja ya mtu. Lakini ni nani kati yetu anayehesabu?

Katika ardhi, ambako ndiko magomvi makubwa yanakozaliwa, mambo yako wazi zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaitaka halmashauri ya kijiji iisimamie ardhi kama mdhamini, kwa niaba ya wanakijiji, na inaikataza kuigawa kabla mkutano mkuu haujaridhia. Basi mwenyekiti anayemtembeza mgeni jioni, akamwonyesha mpaka kwa kidole, akapokea ya soda na kuandika karatasi yenye muhuri, hakugawa ardhi. Ametoa asichokuwa nacho. Na yule mgeni naye, masikini, amenunua kesi. Mjini, kama Chanika au Manundu, mwenyekiti wa mtaa ana uwezo mdogo zaidi ya huo: viwanja vinagawiwa na halmashauri ya mji, yeye anashuhudia mauzo tu. Ile asilimia kumi inayodaiwa na ofisi za mitaa katika miji mingi ya nchi hii kila kiwanja kinapouzwa, anayeidai aombwe kwa upole aonyeshe kifungu kinachoiruhusu, kisha atoe stakabadhi ya serikali. Aghalabu hapo ndipo mazungumzo huishia.

Sasa, kwa nini hatuitumii nguvu hiyo? Jibu langu ni la kihistoria, mnivumilie kidogo. Wakati wa Wajerumani nchi yetu hii iliendeshwa na maakida na majumbe. Jumbe alikusanya kodi, akatoa watu wa kazi za barabara na mashamba ya mkonge, akawaamua wagomvi. Alipodhulumu, mtu hakumshitaki kwa wanakijiji, maana si wao waliomweka. Alikwenda bomani, akangoja barazani, akamlilia bwana mkubwa, na bwana mkubwa akiona inafaa alimwondoa jumbe na kumweka mwingine. Waingereza walikuja na utawala wao wa kuwatumia wenyeji, lakini njia ya malalamiko ilibaki ileile, kutoka kijijini kwenda juu. Uhuru ukaja, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa kisheria. Jumbe akaondoka. Mazoea ya kwenda bomani kumshitaki hayakuondoka naye.

Ndiyo maana leo Mkuu wa Wilaya akifika kijijini na msafara wake, watu wasiohudhuria mkutano wa kijiji mwaka mzima wanajaa uwanjani, wanagombea kipaza sauti. Mmoja anasimama anamtaja mwenyekiti. Mkuu anauliza, "Mwenyekiti yuko wapi? Simama!" Mzee wa watu anasimama, kofia mkononi. Anaulizwa maswali mawili, anababaika, polisi wanaagizwa wamchukue. Tunapiga makofi. Tunarudi nyumbani tumeridhika kama watu waliotoka mpirani timu yao imeshinda.

Tulichoshinda ni nini? Sheria ya Tawala za Mikoa, Na. 19 ya 1997, inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48, lakini kwa masharti: pawe na kosa au hatari ya kuvunjika kwa amani isiyozuilika kwa njia nyingine, na mtu huyo afikishwe mahakamani. Sheria hiyo haikumfanya awe mahakama ya wenyeviti wa vijiji, wala haikumpa ruhusa ya kumvua madaraka aliyepewa kura. Mwenyekiti akitoka mahabusu siku ya pili anarudi kitini palepale. Fedha zilizopotea bado zimepotea. Muhtasari wa kuuza pori bado uko kabatini. Kilichobadilika ni kimoja tu: mwenyekiti amejifunza kwamba wa kuogopwa ni mkubwa wa wilaya, na sisi ni watazamaji.

Wako watakaosema, afadhali huo ukali kuliko kukaa kimya. Ningekubali kama tungekuwa na machaguo hayo mawili tu. Lakini tazameni majirani zetu. Zanzibar sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na chifu wa Kenya ni mtumishi wa serikali. Hao wakiharibu, wananchi hawana pa kwenda ila kwa aliyewateua. Uganda walikuwa na wenyeviti wa kuchaguliwa kama sisi, lakini baada ya uchaguzi wa 2001 hawakupiga tena kura ya mwenyekiti wa kijiji mpaka Julai 2018. Miaka 17! Mtoto aliyezaliwa siku ya kura ile alikaribia umri wa kupiga kura hajaona mwenyekiti akibadilishwa. Sisi tuna uchaguzi kila miaka mitano na mkutano kila miezi mitatu, na kanuni zinawaruhusu wananchi kumkataa mwenyekiti hata kabla muda wake haujaisha. Haki hiyo tumeilaza kabatini pamoja na mihtasari.

Hoja nzito zaidi ni ya siasa, nami siipuuzi. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2024 vyama vilishiriki, malalamiko ya kuenguliwa yakawa mengi vilevile, na chama hichohicho kikapata zaidi ya asilimia 98. Kwa hiyo mtu anauliza: mwenyekiti ambaye mashindano yake ya kweli yalikuwa ndani ya kura za maoni za chama atamjali vipi jirani asiye na kadi? Swali la haki kabisa. Lakini kwangu mimi linaongeza uzito wa mkutano mkuu badala ya kuupunguza. Kura ya maoni ina kadi, kampeni ina sare. Mkutano mkuu wa kijiji hauulizi kadi mlangoni. Mama wa CHADEMA na kijana wa CCM waliodaiwa mchango uleule wa darasa wana swali moja: ziko wapi? Pale ndipo mahali palipobaki ambapo wingi wa watu unahesabiwa kwa vichwa vyao, na ni ujinga kuwaachia wachache wapaendeshe huku tukitazama.

Na wazee watakumbuka kwamba mawazo haya si mageni. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikataza viongozi kuwa na majivuno na dharau, ukawapa wananchi moyo wa kuwasahihisha. Wafanyakazi wa viwandani waliusoma, wakaenda nao kazini, wakawakatalia mameneja waliowatukana. Serikali yenyewe ilishtuka kuona unasomwa kwa makini kiasi hicho. Huku kwetu ulisomwa kwa sauti mikutanoni, kisha zikafuata operesheni za vijiji na watu wakahamishwa kwa amri. Somo la kuamriwa likalizidi somo la kuhoji.

Sitaki nieleweke kwamba kila mwenyekiti ni mwizi. La hasha. Wengi ni watu wanaoamshwa usiku wa manane kwa sababu ng'ombe wameingia shambani au mke amefukuzwa na mumewe, na hawana mshahara. Bajeti ya serikali ya 2021/22 iliwakumbuka madiwani na watendaji wa kata kwa posho. Mwenyekiti wa kijiji na kitongoji amebaki akitegemea kinachopatikana kwenye halmashauri, kikipatikana. Zilipofutwa kodi za kero, ikiwamo kodi ya maendeleo mwaka 2003, vijiji viliahidiwa kurudishiwa asilimia 20 ya ruzuku ya fidia. Tuwaulize wakurugenzi wetu fedha hizo zinafika kiasi gani na lini, kwa sababu mwenyekiti mwenye njaa ni rahisi kununuliwa na mtu mwenye ng'ombe mia tatu. Umaskini huo unaeleza kosa, hauliondoi.

Tena tuwe waangalifu na fedha ziko mikononi mwa nani. Anayepaswa kupokea na kutunza fedha za kijiji ni mtendaji, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya na katibu wa vikao. Mara nyingi mwenyekiti na mtendaji wakigombana, sisi tunachagua upande kwa ukoo au kwa chama. Tusichague. Wote wawili waletwe mbele ya watu, mmoja aeleze aliidhinisha nini, mwingine aeleze alipokea nini. Ugomvi wao mara nyingine ni bahati yetu, maana wakipatana sana hatusikii kitu.

Niseme na habari ya Msomera, kwa sababu huko Handeni inatufundisha jambo hili kwa ukali wake. Tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa hapo, zikapewa nyumba na mashamba. Serikali inasema walihama kwa hiari. Mashirika ya haki za binadamu yanabisha. Na baadhi ya waliowatangulia kijijini walilalamika kwamba ardhi waliyoitumia imegawiwa wengine. Uamuzi ule ulikuwa mkubwa kuliko mwenyekiti yeyote. Lakini maisha ya kila siku baada yake, nani anachunga wapi, maji yanagawanywaje, mpaka wa shamba unapita wapi, yanaangukia viongozi wa kijiji na vitongoji. Mkulima Mzigua na mfugaji Mmasai wakiamuliwa chumbani na watu wanne, kila mmoja atatoka akidhani mwenzake amehonga. Wakiamuliwa mbele ya mkutano, aliyeshindwa angalau anajua alishindwa vipi. Ndivyo ilivyo pia Korogwe, ambako mashamba ya mkonge yamevibana vijiji tangu enzi za Wajerumani na kila ekari inayoachiwa ina watu kumi wanaoingoja.

Nasi walalamikaji tuna wajibu. Shutuma isiyo na tarehe, kiasi wala shahidi ni kelele, na ikitolewa dhidi ya mtu asiye na hatia ni dhambi. Aliyeshindwa kwenye uchaguzi asiutumie mkutano kupiga kampeni ya 2029. Ikiwa jambo lenyewe ni rushwa, kuna TAKUKURU na sheria yake ya mwaka 2007, na huko mtu aende na ushahidi wake kimya kimya. Ikiwa ni mgogoro wa mpaka, kuna baraza la ardhi la kijiji. Baraza la kata nalo lipo, ila tujue kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi tena hukumu za ardhi.

Kwa mkutano ujao, basi, nawaombeni jambo moja la kuanzia. Tazameni ajenda. Mapato na matumizi huwekwa mwisho, karibu na "mengineyo", jua likiwa utosini, kina mama wakikumbuka watoto na nusu ya watu wakiwa wameshaondoka. Mtu asimame mwanzoni kabisa, kabla ya salamu kurefuka, aombe mapato na matumizi yawe ajenda ya kwanza baada ya kusomwa muhtasari uliopita, na watu wanyooshe mikono kukubali. Mwenyekiti akikataa kuitisha mkutano wenyewe, aandikiwe barua na wakazi, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi. Na anayeipeleka asiondoke dirishani mpaka nakala anayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.