Bima haimlipii mlevi

Kila dereva wa Nairobi anajua gharama ya kunaswa na kipimaulevi: kulala seli, kupanda kizimbani, kulipa faini. Gharama ya pili haizungumzwi, nayo huuma zaidi.

Tuchukue gari lenye bima kamili lililogonga nguzo ya taa saa tisa usiku katika Barabara ya Thika. Boneti imejikunja hadi kwenye kioo. Mkaguzi wa bima akifika gereji hatazami boneti tu. Huitisha ripoti ya polisi. Ikisema dereva alikuwa amelewa, fidia imeota mbawa, kwa kuwa mikataba huwa na kifungu kinachoondoa ajali za ulevi. Benki, hata hivyo, itaendelea kudai mkopo wake wa gari.

Na kama kuna mtu aliyegongwa? Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inayohusu bima ya magari, inailazimu kampuni ya bima kumlipa majeruhi hadi Sh3 milioni, hata kama dereva alikuwa chakari. Kisha inairuhusu kumgeukia dereva huyo na kumdai. Ni haki.

Hukumu nayo ina mkia mrefu. Fomu za bima huuliza iwapo umewahi kupatikana na hatia barabarani, na wapo wanaoandika "la" bila kupepesa jicho. Uongo huo unaweza kubatilisha mkataba mzima. Kampuni pia zinakosea: hukadiria ada kwa thamani ya gari, zikimsahau anayeshika usukani. Dereva mwangalifu asimlipie mlevi.

Toa hati yako ya bima leo, usome ukurasa wa masharti.