Vioo Vyeusi na Ukaguzi wa Magari

Mpanda baiskeli wa Tanga hana honi ya maana wala taa za kumtisha mtu. Kinga yake ni macho. Afikapo katika makutano ya Ngamiani, ambako barabara zimepewa namba na kila baada ya nyumba chache pana njia panda, humtazama dereva wa motokaa usoni. Akiona kuwa naye ametazamwa, huvuka. Akimwona dereva amegeuka kuzungumza na abiria wake, hungoja. Mapatano hayo yasiyo na maneno ndiyo yaliyouwezesha mji huu wa baiskeli kwenda na magari njia moja kwa miaka mingi. Siku hizi mwenye baiskeli akiinua macho huona kioo cheusi tii, na ndani ya kioo hicho haoni mtu ila picha yake mwenyewe.

Sisi twaona kuwa jambo hili si dogo, na wala si jambo la urembo wa magari. Ni mlango wa kuingilia katika jambo kubwa zaidi, yaani ukaguzi wa magari katika mkoa wetu.

Wapo watakaosema kuwa jua la pwani ni kali, na kwamba mwenye gari ana haki ya kujikinga. Hatubishi. Mwezi wa Februari gari lililoegeshwa juani pale Chumbageni huwa tanuri. Lakini jua halichagui kioo cha mbele peke yake. Vioo vya nyuma na viwe vyeusi akipenda mwenyewe, maana nyuma hakai mwenye usukani. Tunachokitaka sisi ni kioo cha mbele na vile viwili vya ubavuni kwa dereva, ambavyo kupitia kwavyo yeye huona njia na watu wa njiani humwona yeye.

Tena watu wengi hawaijui hesabu yake. Kioo cha gari hata kikiwa kipya hakipitishi mwanga wote; tuseme kinapitisha sehemu 75 katika 100. Fundi akibandika juu yake karatasi ya tinti inayopitisha 35 katika 100, mwenye gari hudhani amebakiwa na 35. Sivyo. Zinazobaki ni kama 26 tu, kwa kuwa karatasi inakata kutoka kile kilichokwisha kukatwa na kioo. Mchana wa jua kali dereva hatambui hasara hiyo. Ataitambua saa moja ya usiku, mvua ya masika inaponyesha na mtoto aliyevaa kaniki anavuka kutoka madrasa.

Magari mengi tunayoyaendesha yametoka Japani yakiwa yametumika. Huko gari la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na vioo vya ubavuni kwa dereva havina ruhusa ya kupitisha mwanga chini ya sehemu 70 katika 100. Uingereza nayo imeweka 70 kwa vioo hivyo, na 75 kwa kioo kikubwa cha mbele, kwa magari yaliyoanza kutumika tangu Aprili 1985. Kwa hiyo gari hilo halikuja na giza la mbele. Giza tumelibandika sisi wenyewe, kwa fedha zetu, baada ya gari kufika.

Na kwa nini tumelibandika? Hapa yatupasa kusema kweli, hata kama itawakera baadhi ya wenzetu. Kioo cheusi kimekuwa alama ya cheo. Katika miaka ya 1960 wananchi wa Afrika Mashariki waliwaita wakubwa wenye kupenda motokaa za fahari Wabenzi, na jina hilo liliwauma walioitwa. Leo Mbenzi hajulikani kwa aina ya gari lake, maana magari ya fahari ni mengi. Hujulikana kwa kutoonekana. Dereva wa daladala husimamishwa mara kadha kwa siku akaulizwa taa, leseni na mkanda, na huku gari la vioo vyeusi linapita polepole mbele ya askari yule yule, naye askari anainua mkono kwa heshima asijue anamheshimu nani. Yawezekana ndani yumo mkubwa wa Serikali. Yawezekana yumo kijana aliyeazima gari la mjomba wake. Bendera ndogo ya Chama juu ya boneti isigeuzwe kuwa hirizi ya kukwepa sheria. Haikushonwa kwa kazi hiyo.

Hatusemi haya kwa husuda. Twayasema kwa sababu dereva wa Fuso na utingo wake wanatazama. Wakiona kuwa sheria ya kioo, ambayo ubaya wake huonekana hata na mtu aliye ng'ambo ya barabara, inamwachia mwenye nguvu, wataaminije kuwa sheria ya breki, ambayo ubaya wake umejificha chini ya gari, haiwezi kuachiliwa kwa bei fulani?

Na huko chini ya gari ndiko yaliko mauti. Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, katika barabara hii hii inayotoka Moshi kuja kwetu, basi na gari dogo la abiria vilikutana uso kwa uso vikawaka moto. Watu wasiopungua 38 walikufa, wengi wao wakiwa hawatambuliki kwa sura. Taarifa ya kwanza ilieleza kuwa tairi la basi lilipasuka, dereva akashindwa kulimudu. Hatudai kuwa kila ajali ni ya ubovu. Ile ya Magila Gereza wilayani Korogwe, usiku wa tarehe 3 Februari 2023, ambapo watu 17 walihesabiwa wamekufa wakiwa katika safari ya kupeleka maiti Moshi, ilielezwa kuwa ni ya mwendo kasi na kupita gari jingine pasipo uangalifu. Lakini tairi halipewi nasaha. Tairi hutazamwa, likiwa bovu huondolewa.

Kulitazama si elimu ya chuo kikuu. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Lililoandikwa 2314 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata likipakwa rangi likang'aa kama viatu vya harusi. Abiria yeyote wa stendi ya Kange aweza kuinama akasoma. Breki nazo zina mahali pake pa kupimwa katika mkoa huu: mteremko wa kutoka Lushoto kwa Soni hadi Mombo, ambako lori lililojaa kabichi hushuka likinuka moto. Fundi aliyezoea njia ile aweza kukueleza hali ya breki za lori kwa harufu tu.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kuwapo barabarani, nayo imempa askari uwezo wa kulisimamisha na kulikagua. Mabasi na daladala yana leseni za LATRA juu ya hayo. Lililo jepesi mno ni gari la mtu binafsi. Zamani mwenye gari alilazimika kulipia leseni ya gari kila mwaka. Katika bajeti ya mwaka 2017 ada hiyo ikafutwa na kodi yake ikahamishiwa katika mafuta. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Hata hivyo ile siku moja katika mwaka ambayo gari lingeweza kudaiwa hesabu ya afya yake ilitoweka pamoja na ada.

Imebaki bima. Shauri letu ni kwamba bima ya gari lililozidi umri fulani isitolewe mpaka gari hilo limekaguliwa breki, matairi, usukani, taa na vioo, na matokeo yaandikwe kwa namba ya gari pale pale ambapo bima yenyewe huhakikiwa kwa simu. Uingereza ilianza ukaguzi wa lazima mwaka 1960 kwa magari ya miaka kumi na zaidi, na kufikia 1967 ikaushusha hadi miaka mitatu. Nasi twaweza kuanza na makuukuu. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama ni kitu kizuri kama imebandikwa na mtu aliyelala chali chini ya gari kwanza. Ikibandikwa na mtu aliyesimama, ni karatasi.

Twajua pia kuwa mwenye Noah moja inayolisha watoto sita hawezi kununua matairi manne kwa siku moja. Huyo apewe muda ulioandikwa, wa siku chache, na asitozwe faini kabla ya muda kwisha. Lakini tairi la kipara lisibebe abiria hata siku hizo chache. Juu ya kioo, askari asikadirie kwa macho. Kipo kifaa kidogo cha mkononi cha kupima mwanga, na kiasi kinachotakiwa kibandikwe ukutani kila kituo ili dereva na askari wasome tarakimu moja.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Horohoro wana somo hapa. Mwaka 2003 Waziri John Michuki wa Kenya alitoa kanuni za mikanda na vidhibiti mwendo kwa matatu, na zilipoanza kushikwa Februari 2004 magari mengi yalikaa nyumbani, watu wakaenda kazini kwa miguu, na Serikali haikurudi nyuma. Baadaye mkono ulilegea na mazoea ya zamani yakarudi moja moja.

Kazi hii tungependa ianze Kange, alfajiri, kabla ya mabasi ya kwanza kuondoka, na mchana wa siku ile ile iendelee katika viwanja vya kuegeshea magari vya ofisi za Serikali na za Chama.