Jina Ubavuni mwa Gari Si Cheti

Kila mbio za magari za Safari zinapowadia, watu humiminika Naivasha kuyashangilia magari yaliyojaa majina ya makampuni ya mafuta na tairi. Wengi huyaona majina hayo kuwa mapambo. La hasha! Hayo ni mapatano: kampuni hutoa fedha, na mashindano huipa mahali pa kuijaribu bidhaa yake mbele ya macho ya ulimwengu.

Tangu mwaka 1953, mbio hizo zilipoanza kwa kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, sifa yake imekuwa ugumu wa njia. Mawe hupasua tairi, vumbi huingia kila mahali, na joto huyachosha mafuta ya injini. Kwa siku chache mhandisi hupata majibu ambayo barabara ya kawaida ingempa baada ya miezi mingi. Hata petroli imeguswa: tangu mwaka 2022 magari ya daraja la juu katika Ubingwa wa Dunia, ambao Safari ni sehemu yake, yameacha mafuta yachimbwayo ardhini.

Twawapongeza wafadhili. Hata hivyo, twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu kwamba tairi ya mashindano haikuundwa idumu, iliundwa ishinde. Kinachoweza kutoka kwenye mashindano na kumfikia mwananchi ni maarifa tu, nayo hayafiki yenyewe.

Wakati magari hayo yakipewa kila kilicho bora, dereva wa matatu huuziwa tairi kipara iliyochongwa upya, na petroli iliyotiwa mafuta ya taa. Ulaghai huo ndio uliosababisha Serikali ya Kenya, mwaka 2018, kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Mzigo ukamwangukia maskini mwenye koroboi.

Kwa hiyo twayataka makampuni yanayojijengea jina kwenye vumbi letu yatueleze waziwazi ni bidhaa zipi za madukani zilizonufaika na majaribio hayo. Wakaguzi wa ubora nao wasingoje ajali ndipo waingie madukani na kwenye vituo vya petroli. Mnunuzi naye akumbuke kwamba jina lililo ubavuni mwa gari la mashindano si cheti cha kopo la dukani. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.