Neno la Mhariri: Masikio Yanayoukamilisha Wimbo

Ukitaka kuwasha ubishi mjini Bukoba huhitaji siasa, wala Simba na Yanga. Waulize watu wanaosubiri basi la Muleba ni wimbo gani, kati ya zote walizowahi kuzisikia, usio na kasoro. Mmoja atataja wimbo wa kwaya ya parokiani kwao. Mwingine atataja rumba ya Kikongo ya enzi za baba yake. Kijana atataja Bongo Fleva iliyotoka mwezi uliopita, na mzee aliyekuwa kimya muda wote atawaambia kwamba hao wote hawajawahi kusikia enanga. Kisha kila mmoja atautetea wimbo wake kwa hoja zilezile: sauti tamu, maneno mazito, mapigo yanayoingia mwilini. Hoja zinafanana, nyimbo hazifanani hata kidogo. Kwa nini?

Swali hilo ndilo lililozaa toleo hili, na msimamo wa meza ya uhariri tunauweka wazi mapema. Ukamilifu wa wimbo haukai ndani ya wimbo peke yake. Hupatikana pale wimbo unapomkuta msikilizaji aliyeandaliwa kuupokea, kisha ukamwachia kazi ya kufanya. Hivyo anayetaka kuulinda muziki wa Kagera akashughulika na waimbaji na ala tu, wasikilizaji akawasahau, atakuwa amelinda nusu.

Tuanze na enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya. Kwa umbo ni gogo lililochongwa likawa kama sinia refu lenye kingo. Uzi mmoja, zamani wa kano za ng'ombe, hupitishwa kwenye mapengo ya ncha moja, ukavutwa hadi ncha ya pili, ukarudishwa tena, hadi zipatikane nyuzi kadhaa zilizolala sambamba, mara nyingi saba au nane. Kwa kuwa uzi ni uleule mmoja, kukaza sehemu moja huweza kuigusa ya jirani, na mpigaji analazimika kuzisikiliza zote kwa pamoja anapotafuta sauti. Noti zenyewe ni chache, na anazirudia sana. Mgeni asiyejua Kihaya anaweza kusikiliza kwa dakika tano, akasifu kwa adabu, akaanza kuitazama saa yake.

Mwenyeji anasikia kitu kingine kabisa. Mpigaji anapoimba habari za shujaa Rukiza, au za Mugasha mwenye ziwa na dhoruba zake, mtu wa Ihangiro, katika nchi ya Wahaya, tayari anajua kisa kinaishia wapi. Hakuja kutafuta habari. Amekuja kusikia safari hii kitasemwaje: ni sifa gani itaongezwa, ni kilima gani kitatajwa, ni wapi mpigaji atauacha uzi uvume peke yake kabla ya kulitamka jina ambalo kila mtu pale anajua linakuja. Jina likitoka, watu hujibu, huguna, hucheka, wengine humtunza. Mpigaji aliwapa nafasi, nao wakaijaza. Methali yetu inasema mcheza kwao hutunzwa, na sababu yake ni hii: kwao ndiko waliko watu wanaojua alipokaribia kukosea, alipopita pagumu, na alipoongeza kitu ambacho babu yake hakuwa nacho.

Wataalamu wameliona hilo kwa namna zao. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitilia shaka kama bara hili lina tendi kwa maana iliyozoeleka Ulaya. Miongoni mwa waliomjibu ni Mugyabuso Mulokozi, ambaye mwaka 1983 alichapisha makala akiuliza kama wapiga enanga wa Tanzania ni wasanii wa tendi, na jibu lake lilikuwa ndiyo. Hoja yake ilitegemea mambo mengi, lakini moja linatugusa hapa: utendi huu hauwezi kupimwa kwenye karatasi tu, kwa sababu uhai wake uko katika utendaji, mbele ya watu. Peter Seitel naye, aliyechunguza hadithi za Wahaya, alikiita kitabu chake cha mwaka 1980 See So That We May See. Kichwa hicho kimetokana na maneno ambayo wasikilizaji humwambia msimulizi: wanamtaka aone, ili na wao waone. Katika Buhaya, basi, hata hadithi ya jikoni haianzi mpaka wasikilizaji wameshika zamu yao.

Maabara za mbali zimefika mahali pa karibu kwa njia nyingine. Mwaka 2001, huko Montreal, Anne Blood na Robert Zatorre waliwapima ubongo watu waliokuwa wakisikiliza muziki unaowasisimua hadi nywele kusimama. Kila mtu alikuja na muziki wake mwenyewe. Lililo la kuvutia ni namna walivyolinganisha: muziki uliomsisimua mmoja walimchezea mwenzake kama muziki wa kawaida. Sauti zilezile, ala zilezile, kwa huyu nywele zinasimama na kwa yule hakuna kitu. Miaka 10 baadaye Valorie Salimpoor, Zatorre na wenzao wakaonyesha kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamu, huanza kuachiliwa hata kabla kilele cha wimbo hakijafika, wakati msikilizaji anakingoja. Mtu hawezi kungoja kitu asichokijua kinakuja. Kungoja kunadai mazoea, na mazoea hayazaliwi na mtu.

Kuna wanaoamini kwamba angalau upatanifu wa sauti ni wa binadamu wote, kwamba noti fulani zikipigwa pamoja kila sikio litafurahi. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake waliwapelekea swali hilo Watsimane, watu wa msitu wa Amazon nchini Bolivia ambao wameishi mbali na muziki wa Magharibi. Sauti ambazo Mzungu huziita patanifu na zile anazosema zinagombana, Watsimane walizipa alama sawa za kupendeza. Mpigaji wa enanga anayeambiwa na mwalimu wa kinanda kwamba nyuzi zake "ziko nje" asione haya. Ziko nje ya masikio ya huyo mwalimu tu.

Sasa kuna pingamizi kubwa, na limezaliwa hapahapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli, binti wa Bukoba, aliiteka Tanzania kwa sauti yake, ngoma za kwao na Kihaya chake. Maria Salome, wimbo ambao wengi waliuita Chambua kama Karanga, ulipigwa kwenye kumbi za watu ambao hawakuelewa hata robo ya maneno. Kama ukamilifu unamtaka msikilizaji aliyefundwa, watu wa Mbeya na Tanga walifundwa na nani?

Jibu letu ni kwamba wimbo ule uliwafunda wenyewe, tena haraka. Ulikuwa na kauli ya Kiswahili ambayo kila mtu angeweza kuishika mkononi kama karanga yenyewe. Ulikuwa na mwimbaji anayeita na sauti zinazomrudishia mahali palepale, kiasi kwamba ukisikia duru mbili ya tatu unaijua. Na ulikuwa na mwendo wa ngoma unaofahamika na mwili wa yeyote aliyekulia karibu na ngoma ya kwao, iwe ya Kisukuma, Kigogo au Kimakonde. Mtanzania asiyejua Kihaya alipewa mlango, akaingia, akaitikia maneno kwa kuyatafuna. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akiwa na Rayvanny, alipoutengeneza upya kwa jina la Salome, alikuta masikio ya nchi nzima yameandaliwa tangu miaka kama 15 nyuma. Aliyekuwa mtoto wakati wa Saida alisikia jambo jipya ndani ya jambo la zamani, na vijana wakarudi kumtafuta Saida mwenyewe.

Nje ya muziki wa dansi upo mfano mkubwa zaidi. Uamsho wa walokole, uliotokea Rwanda na Uganda na kuingia Buhaya kabla ya Uhuru, ulikuja na Tukutendereza. Kiitikio hicho ni cha Kiganda, na watu wa lugha nyingi za Afrika Mashariki wamekiimba kwa Kiganda hichohicho bila kuona haja ya kukitafsiri. Hapo hapakuwa na siri ya ala wala ya studio. Kilikuwa kifupi, kilirudiwa, na kiliimbwa mahali ambapo mtu ametoka kusimama na kuungama mbele ya wenzake. Aliyeimba alijua zamu yake ni ipi.

Jinsi zamu hiyo inavyopatikana tuliiona kwenye harusi moja Kamachumu. Umeme ulikatika, spika za didjei zikanyamaza, na kwa muda palisikika viti vya plastiki tu. Mama mmoja wa makamo, khanga kiunoni, akaanza wimbo wa kumuaga omugole, bibi harusi. Alipofika mwisho wa mstari alikata sauti ghafla, na akina mama wa upande wake wakaujaza. Wajukuu waliotoka Dar es Salaam walinyanyua simu kurekodi. Duru ya kwanza walikuwa watazamaji. Duru ya pili mmoja wao alianza kutikisa kichwa kila mama alipokata sauti, kwa sababu alishajua jibu linakuja. Duru ya nne simu zilikuwa zimeshuka mapajani na mabinti wale walikuwa wakiitikia Kihaya ambacho asubuhi yake walikuwa wamekataa kusalimia nacho bibi zao. Hakuna aliyewaita wala kuwafundisha. Wimbo uliwaachia nafasi ileile, mahali palepale, mpaka wakaingia. Umeme uliporudi, didjei alipandisha muziki, na baadhi ya wageni walimfokea.

Picha walizopata kwenye simu zile zina kasoro moja: hazina duru ya nne, kwa kuwa hapo waliokuwa wakirekodi walikuwa wanaimba. Ndivyo ilivyo kwa hifadhi zetu nyingi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika na mitambo yake alirekodi pia wapiga enanga, na tunamshukuru. Lakini santuri za wakati ule zilibeba takribani dakika tatu kwa upande mmoja, na utendi wa enanga huweza kuila jioni yote. Kilichopona ni sauti. Kungoja kwa pamoja hakukutosha kwenye santuri. Serikali ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, nyua za watawala hao zilizokuwa zikiwalea wapigaji zilifungwa, na pamoja na wapigaji likatawanyika kundi lililojua kuwasikiliza. Tumeandika mengi kuhusu hasara ya kwanza. Ya pili haijapata hata kumbukumbu ya kikao.

Hatusemi haya kwa kuililia jana. Kijana wa Bongo Fleva stendi ya Bukoba ana haki yake yote: wimbo wake umekamilika kwake kwa sababu amelelewa nao, anajua ngoma itakatika wapi na kurudi wapi. Tatizo ni kwamba analelewa na upande mmoja tu. Vipande vya sekunde 15 vinavyozunguka kwenye simu vinampa kilele bila kumpa muda wa kukingoja. Redio zetu za Kagera zinaweza kusaidia zikipiga enanga nzima, na kabla yake zikimpa mtu dakika chache aeleze nini cha kusikiliza. Kamati za harusi, zinazolipia spika kubwa kuliko ukumbi, zinaweza kutenga saa moja ya wimbo wa kuitikia. Walimu wa shule za msingi Bukoba na Muleba wanaweza kuanza na kiitikio kabla ya historia ya ala.

Makala za toleo hili zimepangwa kwa mantiki hiyo. Fungu la kwanza linahusu enanga na wasikilizaji wake, la pili kwaya za makanisa yetu na namna zinavyochagua nyimbo za kubaki, la tatu muziki wa harusi na sendofu tangu enzi za kaseti. Waandishi wetu hawakubaliani wote na msimamo wa ukurasa huu, na mmoja anaupinga waziwazi kwa kusema sauti nzuri ni nzuri hata jangwani. Tumeichapa makala yake kwa furaha.

Kwa toleo lijalo tunaomba barua zenu. Tajeni wimbo mmoja msioweza kuutoa wala kuuongezea kitu, kisha mtuandikie jambo la pili, ambalo kwetu lina uzito zaidi: ni nani aliyewafundisha kuusikiliza, mkiwa mmekaa wapi, na ni nani mnayemfundisha sasa.