Kadi ya mwalimu kwenye droo ya mkopeshaji
Mkopeshaji mwenye leseni hapa Babati sheria anaijua. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imemweka daraja la pili, chini ya Benki Kuu, na riba ina ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Lakini mikopo ya kausha damu, ile inayomkamua mkopaji, haikamui kwa riba peke yake. Inajificha kwenye ada ya fomu, faini ya kuchelewa, na kadi ya benki ya mwalimu inayolala kwenye droo ya mkopeshaji, namba ya siri imeandikwa kwenye karatasi pembeni. Mkaguzi kutoka Benki Kuu hafungui droo hiyo kila wiki. Mkopeshaji wa duka la jirani anajua kilichomo. Basi wakopeshaji wa mji huu wakubaliane wenyewe: kadi zirudishwe kwa wenyewe, mkataba usomwe kwa sauti kabla ya dole gumba kugusa wino, marejesho ya mkulima wa mbaazi yasubiri mavuno, na godoro la mama lishe lisibebwe mbele ya watoto wake. Atakayekaidi, wenzake wamripoti Benki Kuu, bila kungoja mteja alie.